Mazungumzo na watunzi wanaojitegemea: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tangu tuanze kukaa na wanamuziki na waandishi na kuwauliza wanavyofanya kazi zao, kuna maswali yanayorudi kila wiki. Tumeyajibu hapa kwa faida ya wasomaji, na zaidi kwa ajili ya mtunzi anayesitasita kama atukaribishe au la.

Mnaposema "anayejitegemea" mnamaanisha nani?

Ni mtu anayeamua mwenyewe kazi yake itoke lini na ikiwa na sura gani, na gharama akazibeba mwenyewe. Mwalimu anayelipia studio kwa mshahara wake yumo. Dereva wa bodaboda anayetunga akiwa kijiweni yumo. Mwandishi aliyechapa nakala mia moja kwa mkopo wa kikoba yumo kabisa. Bendi inayopiga hotelini kila Ijumaa tunaikaribisha pia, ilimradi tuzungumze juu ya nyimbo zake yenyewe.

Kwa nini mnawaweka wanamuziki na waandishi pamoja?

Kwa sababu Kiswahili hakijawahi kuwatenga. Aliyetunga riwaya ni mtunzi na aliyetunga wimbo ni mtunzi. Maneno ya wimbo tunayaita mashairi, hata wimbo wenyewe ukiwa singeli. Tenzi za pwani ziliandikwa zighanwe, zisikike kwa sauti mbele ya watu. Kule Mombasa, Ahmad Nassir Juma Bhalo alitunga mashairi na binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, akayaimba. Ukitafuta ushairi uliishia wapi na taarabu ikaanzia wapi, hutauona mpaka. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na aliyekuja kuandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mshairi wa Tanga.

Kuna faida nyingine tuliyoiona baada ya kuanza. Mwimbaji anajua mstari unamaliza pumzi wapi, maana asipojua atakwama jukwaani. Waandishi wengi wa riwaya hawajawahi kusoma sentensi zao kwa sauti. Tukimuuliza mwandishi swali tulilojifunza kwa mwimbaji, kwamba msomaji wake anapumua wapi katika aya hii, mara nyingi hunyamaza kwanza, kisha huchukua kalamu.

Mbona hamuulizi habari za ndoa, ugomvi na magari?

Hayo yana watu wake, na yameshaulizwa sana. Tunachokitafuta sisi huulizwa mara chache, nacho hupotea mtunzi akishafariki: alifikaje kwenye mstari ule?

Tuseme kwa mfano. Mwandishi mmoja wa Morogoro alitufungulia daftari lake kubwa la kaunta, lile la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza wa riwaya yake alikuwa ameuandika mara kumi na moja, kila mara akianza upya bila kuchana wa zamani. Mara ya kwanza hadithi ilifunguliwa na mvua. Kufikia mara ya nne mvua imekatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, amebaki mama anaanika nguo. Mara ya kumi na moja nguo zipo kwenye kamba, zimekauka, na mama hayupo. Tukamuuliza mama amekwenda wapi. Akafunga daftari, akasema, "Ndiyo kitabu chenyewe hicho."

Tulikaa saa nzima kwenye ukurasa huo mmoja. Tungemuuliza juu ya mumewe tusingeliona hilo daftari. Kijana anayeandika ukurasa wake wa kwanza usiku huu anahitaji kujua kwamba mwandishi anayempenda aliuandika wake mara kumi na moja.

Maisha ya mtunzi huingia, lakini kwa mlango wa kazi. Mtu akisema kiitikio hiki nilikitunga siku ya arobaini ya baba, tunamsikiliza mpaka amalize.

Sina jina. Wimbo wangu umetazamwa mara mia tatu tu. Mtanikaribisha?

Ndiyo. Hatuangalii namba. Tunaangalia kama una kitu cha kuonyesha: biti uliyoibadilisha mara tatu na sababu zake, ubeti uliokushinda, sura uliyoitoa kitabuni ikakuuma. Mtu wa aina hiyo ana mengi ya kusema hata kama hajulikani mtaa wa pili. Tumewahi kukaa na mwenye jina kubwa ambaye kila swali alilijibu kwa kumshukuru Mungu na mashabiki. Shukrani ni jambo jema, ila msomaji aliondoka mikono mitupu.

Je, mnalipa? Au mnatoza?

Hatulipi na hatutozi. Anayetaka kutupa bahasha ili atoke haraka, tunamrudishia kwa heshima. Mtunzi akilazimika kusafiri kutufuata sisi, nauli ni juu yetu. Mara nyingi tunamfuata.

Mnatuma maswali mapema?

Tunatuma maeneo ya mazungumzo, matatu au manne, pamoja na jina la kazi tutakayoizungumzia. Maswali yenyewe hatutumi. Mtu akiyapata huandika majibu, na majibu ya kuandikwa husomeka kama barua ya kuomba kazi. Kwa wazee na kwa mtu mwenye wasiwasi tunafanya tofauti: tunapiga simu siku mbili kabla, tunasalimiana na kujuliana hali, na mara nyingi simu hiyo ndiyo inayofungua kila kitu.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Hatuendi kwa mwandishi ambaye kitabu chake hatujakisoma hadi ukurasa wa mwisho. Albamu tunaisikiliza angalau mara tatu, mara moja tukiwa na mashairi mkononi.

Mnakutana wapi, na inachukua muda gani?

Pale mtunzi anapofanyia kazi, akikubali. Saa mbili kwa kawaida. Barazani, jikoni, chumba cha nyuma cha duka la dawa, popote.

Studio nyingi za mitaani tulizozitembelea ni chumba kimoja chenye godoro limesimamishwa ukutani na trei za mayai zimegundishwa juu yake. Trei huvunja mwangwi kidogo, ila kelele za nje hazizizuii. Vinavyosaidia kuzipunguza ni godoro na pazia zito mlangoni. Feni huzimwa wakati wa kurekodi kwa sababu mngurumo wake huingia kwenye maiki, kwa hiyo kila mtu hutoka jasho. Adhana ikianza kazi husimama, na huo ndio wakati wa chai. Mtayarishaji mmoja alituonyesha faili la wimbo wake ambamo kwa mbali sana, chini ya gitaa, kuna kondakta anaita "Mbagala, Mbagala". Alikuwa ameisikia siku ileile, akaamua kuiacha. Alitupa spika za masikioni tuisikilize mara tatu. Ukishaisikia huwezi tena kuusikia wimbo bila yule kondakta, na sasa mashabiki wake wanamuuliza kama aliipanga.

Mambo kama haya hatungeyapata kwenye ukumbi wa hoteli.

Naweza kusoma kabla hayajatoka?

Unaweza, na tunakuomba usome. Utakapotuambia neno fulani silo ulilolisema, tunarudi kwenye sauti. Ukituambia ulilisema lakini limekuchoma, tunazungumza. Jina la mtu ambaye hayupo kujitetea tunalitoa bila mjadala. Kitu kimoja hatufanyi: kuongeza sifa ambazo hazikusemwa.

Utaratibu huu tuliupata kwa kosa langu mimi ninayeandika hapa. Mwaka wetu wa kwanza nilizungumza na mzee mmoja kutoka Pemba, mtunzi wa mashairi ya taarabu. Alinisomea ubeti wake, nami nilipouandika nikaona neno "kuchupa". Nikadhani wasomaji wa bara hawatalielewa, nikaandika "kuruka". Nilifikiri namsaidia. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti ule iliishia kwa "kulipa", "kuapa" na "kuchupa". Nilikuwa nimehesabu mizani, na mizani ilitimia, maana maneno yote mawili yana silabi tatu. Kina nilikivunja. Alinipigia simu, hakugomba. Alisema, "Mwanangu, umenichapia ubeti mlemavu, na chini umeweka jina langu." Nilimwomba radhi, tukasahihisha siku hiyohiyo. Kila ninapotaka kulainisha neno la mtu namsikia mzee yule.

Kwa hiyo lahaja na Sheng hamzigusi?

Hatuzigusi. Kiamu, Kimvita, Kiunguja, Kiswahili cha Lubumbashi, Sheng ya Nairobi, maneno ya mtaani Dar es Salaam, vyote vinabaki kama vilivyotoka mdomoni. Neno likiwa gumu tunamuuliza msemaji alieleze yeye mwenyewe, na maelezo yake huwa sehemu ya mazungumzo. Tunachoondoa ni "yaani" ya kumi na mbili katika dakika moja.

Nikiwaonyesha shairi au wimbo ambao haujatoka, unakuwa wa nani?

Wako. Hatuchapi mstari wa kazi ambayo haijatoka bila ruhusa yako ya maandishi, hata ya ujumbe wa simu.

Swali hili hufungua mengine mengi, nasi si mawakili, lakini yapo mambo ambayo kila mtunzi anapaswa kuyajua. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe; iweke katika umbo linaloshikika: karatasi, faili, rekodi ya simu. Huhitaji kusajili ili uwe mmiliki. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na Tanzania na Kenya zimo. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, unakupa ushahidi siku mkigombana. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo watoto wako wanahusika pia. Wazo tupu halilindwi. Ukisimulia barazani kwamba unataka kuandika hadithi ya mvuvi aliyeokota simu baharini, na mwingine akaiandika kwa maneno yake, huna kesi.

Wengi pia huchanganya mambo mawili. Kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, BASATA, kunahusu kufanya shughuli za sanaa. Hakukufanyi uwe mmiliki wa wimbo wowote.

Kwa wanamuziki kuna jambo jingine zaidi, na hapa ndipo tunapoona machozi mengi. Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studio. Wenye haki hizo wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Unaimba, prodyuza anatengeneza biti, rafiki anachangia vesi, mnakula chipsi, mnaachana kwa furaha. Miaka mitatu baadaye wimbo unatakiwa kwenye tangazo na kila mmoja ana kumbukumbu yake. Dada mmoja aliyewahi kukaa nasi alipoteza rekodi ya wimbo wake bora kwa namna hiyo: maneno ni yake, melodi ni yake, na hawezi kuitumia ile sauti. Sasa hatoki studio kabla karatasi moja haijaandikwa. Ina majina ya waliokuwepo, nani kafanya nini, kila mtu ana asilimia ngapi, tarehe na saini. Anaipiga picha na kuwatumia wote palepale. Tumeiona karatasi yake ya mwisho. Imeandikwa nyuma ya risiti ya umeme. Kwa kuanzia, inatosha.

Nataka kuchapa kitabu changu mwenyewe. Nianze wapi?

Kila mwandishi tuliyekaa naye angejibu kwa kutaja mhariri kwanza, tena wengi kwa majuto. Tafuta mtu wa kulipwa anayekijua Kiswahili, asiwe ndugu yako. Shemeji hatakwambia sura ya tano inachosha.

Kisha namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ina tarakimu 13, na toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja huwa na yake.

Uliza kiwanda cha chapa wanakunja karatasi kwa kurasa ngapi. Mara nyingi ni 16. Kitabu chako kikiwa na kurasa 163 utalipia 176, na kurasa 13 zitabaki tupu mwishoni. Ukipunguza kurasa tatu, ukapata 160, umeokoa fedha katika kila nakala. Mwandishi mmoja wa Mwanza alikata aya nne kwa sababu hiyo, na anasema kitabu kilipona.

Kuhusu kuuza, usitegemee maduka peke yake. Waandishi wengi tunaozungumza nao huuza kwa WhatsApp: msomaji anatuma pesa kwa simu, kitabu kinafungwa kwa gazeti na gundi ya karatasi, kinapelekwa stendi, kinapanda basi la usiku. Namba ya basi na simu ya kondakta hutumwa kwa mteja. Asubuhi mtu wa Songea anakwenda kuchukua kitabu chake stendi. Andika jina la mpokeaji pande mbili za kifurushi, maana upande mmoja hufutika.

Na mwanamuziki anapata wapi pesa?

Kutokana na majibu tuliyopewa: harusi na sherehe kwanza, maonyesho pili, mitandao ya kusikilizia nyuma kabisa. YouTube huanza kugawa mapato ya matangazo ukiwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, pamoja na masharti mengine. Hakikisha rekodi zako zina namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12, ili zitambulike zinapopigwa. Zaidi ya hapo waulize wenyewe. Wanayaeleza vizuri kuliko sisi.

Sauti mnazorekodi mnazifanyia nini?

Tunazitunza nakala mbili, sehemu mbili tofauti, na mtunzi anapewa yake. Asipotaka tuitunze, tunafuta mbele yake.

Siku moja nilirekodi kwa simu peke yake. Mzee mpiga udi alikuwa ananionyesha kipande kilekile kwa namna tatu: alivyofundishwa, alivyokipiga ujanani, na anavyokipiga sasa ambapo kidole cha pete hakikunjiki vizuri. Ile ya tatu ilikuwa na noti chache, na ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilipofika nyumbani nikakuta simu ilijaa dakika ya ishirini na mbili, kabla hajashika udi. Nilirudi mwezi uliofuata, alikuwa amelazwa. Hakupiga tena. Ninachoweza kumpa msomaji ni maelezo haya, nayo hayapigiki. Tangu siku hiyo tunakwenda na vyombo viwili, na mmoja wetu kazi yake ni kuvitazama.

Tunaona uzito wa jambo hili kila tunaposikiliza muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya tunachokisikia leo ipo kwa sababu Redio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio, ikazirekodi na kuzitunza kanda zake. Mtu fulani alibandika lebo juu ya kila boksi. Jina lake hatulijui, na wengi wetu tumelelewa na kazi yake.

Mnazungumza na walio chini ya miaka 18?

Ndiyo, mzazi au mlezi akiwepo chumbani na akisoma kabla hayajatoka. Shule haitajwi.

Naishi nje ya Afrika Mashariki lakini natunga kwa Kiswahili. Mnanihesabu?

Tunakuhesabu. Tumezungumza kwa simu na watu wa Muscat, Lubumbashi, Minneapolis. Tunatamani tungeviona vyumba vyao, kwa hiyo huwa tunawaomba watuelezee kwanza meza wanayofanyia kazi.

Ombi moja tu: tukipanga muda, tuambie unahesabu kwa saa za Kiswahili au za Kizungu. Ukituandikia "saa mbili usiku", sisi tunaelewa jua limezama saa mbili zilizopita. Tayari kuna mtu aliyeamka saa nane za usiku wa baridi akatusubiri, sisi tukiwa tumemsubiri tangu jioni.